SARAFU ILIYOTOKA KINYWANI MWA SAMAKI

Masomo: Matayo 17:24-27, Matendo ya Mitume 5:1-11, Luka 3:12-13

  

Katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea mahubiri juu ya sala, juu ya kufunga, juu ya uponyaji na roho chafu. Leo tunaleta jambo ambalo wengine watasema si la Kanisa. Ni jambo la kodi. Wala si kodi ya makampuni makubwa ya madini. Ni kodi ya feza ndogo sana, ile ambayo mtu anaipata kando ya kazi yake na kusema moyoni: hii ni ya chumvi tu, nani ataiuliza? Msigeuze ukurasa. Sisi wenyewe tulitaka kuugeuza, lakini tulizuiwa.

Jambo lilianza hivi. Kuna binti mmoja wa hapa kwetu, ambaye hatutamtaja jina, ingawa ametupa ruhusa ya kusimulia. Alitoka Kama mgongoni mwa mama yake katika vita vilivyoanza mwaka 1998. Walitembea, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakafika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, kambi ambayo Tanzania iliifungua kwa Wakongomani mwaka 1996. Huko alikua, huko alibatizwa, huko aliimba katika kwaya. Kisha jina lake likatoka katika orodha ya watu wa kwenda Marekani. Leo anafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Usiku, akiisha kupika, anashika simu na kujibu maswali.

Wazee wengi kati yetu hawakuelewa mara ya kwanza kazi hiyo ni ya namna gani, kwa hiyo tunaieleza. Kule kuna makampuni yanayotaka kujua watu wananunua sabuni gani, wanatazama nini kwenye televisheni, wanafikiri nini juu ya benki yao. Yanaweka maswali katika intaneti. Ukijibu kwa robo saa wanakupa dola moja, pengine nusu ya dola, pengine tatu. Mara nyingine hawatoi feza, wanatoa alama, na alama zikijaa zinageuka kuwa kadi ya zawadi ya kununulia vitu dukani. Kwa mwaka mzima wa 2024 binti yetu alikusanya, feza na kadi pamoja, dola 312. Katika hizo alitutumia dola 100 kwa ajili ya mabati ya nyumba ya Mungu.

Furaha yetu mnaijua, mlikuwapo. Mvua ya Maniema haina huruma kwa paa la majani, na mara ngapi tumeomba huku tumeshika ndoo. Tuliimba, tukapiga ngoma, tukamtuma ndugu kununua mabati. Siku chache baadaye ikaja sauti yake katika simu, dakika saba, na mwishoni analia.

Kule Marekani mtu mwenye kupata feza anaandika kila mwaka hesabu ya mapato yake na kuipeleka kwa Serikali, na mwisho wa kuipeleka ni tarehe 15 Aprili. Kwa kazi yake ya hospitali hapakuwa na shida: anakatwa kodi kila anapolipwa, na mwaka ukiisha mwajiri anamtumia karatasi inayosema alipata kiasi gani, na nakala ya karatasi hiyo inaenda Serikalini. Lakini kwa kazi za kando kama ile ya maswali, mwaka ule kampuni ilipashwa kutoa karatasi ikiwa tu imemlipa mtu dola 600 au zaidi. Binti yetu hakupata karatasi yoyote. Jirani yake, Mkongomani mwenzetu, tena mkristo, akamwambia: "Chini ya mia sita hawana habari nayo. Kula, nyamaza."

Naye alitaka kunyamaza. Lakini alipokuwa anajaza fomu akafika mahali pa mapato mengine, kisha mahali pa kutia sahihi, ambapo mtu anathibitisha kwamba yote aliyoandika ni kweli na kwamba anajua kuna adhabu kwa mwenye kusema uongo. Mkono ukakataa kuandika.

"Wababa," alisema, "zile dola mia moja zilitoka katika feza hiyo. Kama mimi nimeificha, nyinyi mumejengea nini?"

Tuliketi sisi wazee, na hatutawaficha kwamba hatukukubaliana. Mmoja alisema Marekani ni nchi tajiri, dola thelathini au arobaini haziwezi kuitajirisha wala kuifukarisha. Mwingine alisema feza imekwisha kuwa bati, na Mungu hakai kuhesabu mabati. Wa tatu alianza kusema kwamba hata hapa kwetu kila mtu anafanya hivyo hivyo, lakini hakumaliza sentensi yake. Ndipo mama mmoja wa kundi la maombi, aliyekuwa ametuletea maji, akasema akiwa amesimama mlangoni: "Munaongea juu ya Marekani kwa sababu Marekani ni mbali." Akachukua vikombe vyake akaenda. Hakuna aliyemjibu.

Usiku ule tulikesha katika maombi. Nabii mmoja alionyeshwa nyumba ya Mungu imeezekwa upya, mabati yote yanang'aa, isipokuwa moja lililovuja maji juu ya meza ya sadaka. Tuliupima unabii huo, kama Paulo anavyowaagiza Wathesalonike, maana kuna watu wanaoota yale waliyosikia mchana, na habari hii ilikuwa imesikika. Hatukuamua kwa ajili ya ndoto peke yake. Tulifungua Maandiko.

Mnajua habari ya Kapernaumu. Wenye kutoza kodi ya Hekalu walimwuliza Petro nje, njiani, kama mwalimu wake analipa. Petro akajibu upesi kwamba analipa. Alipoingia nyumbani Yesu alimtangulia kwa swali: wafalme wa dunia wanatoza watoto wao au wageni? Maana yake ni kwamba mwana yuko huru, hapashwi kutoa kitu katika nyumba ya Baba yake. Na hata hivyo Bwana akaamua kulipa, ili watu wale wasijikwae kwa ajili yake. Akamtuma Petro ziwani na ndoana. Samaki wa kwanza, kinywani mwake sarafu moja, drakma nne, mbili kwa kichwa cha mtu, yenye kutosha kwa Yesu na kwa Petro. (Tunajua kwamba ile ilikuwa kodi ya Hekalu, si ya Kaisari. Wenye elimu wasituandikie barua. Habari ya Kaisari iko mbele kidogo, sura ya 22, nayo haimsaidii mwenye kuficha.)

Angalieni mahali feza ilipotoka. Petro alikuwa mvuvi wa wavu, wavu ndio ulikuwa kazi yake. Siku ile alitumwa na ndoana, kwa samaki mmoja. Hiyo ilikuwa kazi ya kando. Na sarafu haikutoka kwa mnunuzi, haikuandikwa na mtoza ushuru wa pwani, hakuna aliyeihesabu. Ilikuwa kinywani mwa samaki! Kama kuna feza duniani ambayo mtu angeweza kusema "hii Serikali haina habari nayo", ni ile. Na haikuwa ndogo kwa maskini, karibu mshahara wa siku nne za kibarua. Petro angeweza kuitia mfukoni na kurudi akisema: Bwana, samaki hawakukubali leo. Lakini ni sarafu hiyo hiyo, ile iliyofichwa kuliko zote, ambayo Bwana aliichagua kulipia kodi.

Tulijiuliza kwa nini hakuilipa kutoka mfuko wa wanafunzi. Yohana anatuambia mfuko ule ulikuwa mkononi mwa Yuda, naye alikuwa akiiba. Wenye kushika mifuko ya Kanisa wasimame hapo kidogo, kama tulivyosimama sisi.

Kisha Anania na Safira. Wengi wanafikiri waliuawa kwa sababu walitoa kidogo. Sivyo. Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata alipokwisha kuliuza feza ilikuwa katika uwezo wake. Angetoa nusu na kusema ni nusu, angekwenda nyumbani na kula chakula chake. Kosa lake ni kusema kwamba sehemu ni jumla. Safira naye aliulizwa bei, akapewa nafasi ya kusema kweli, akathibitisha ile ya uongo. Mtu anayetia sahihi chini ya hesabu iliyopunguzwa yuko mahali pa Safira kabisa, hata kama kilichopunguzwa ni dola 312, hata kama ni dola 3.

Kwa hiyo tulimjibu binti yetu hivi. Kujibu maswali si dhambi, ni kazi, na aliifanya kwa macho yenye usingizi. Feza yake si ile ya uchafu ambayo Torati inakataza kuingizwa katika nyumba ya Bwana, wala si vipande vya Yuda ambavyo hata makuhani waliogopa kuvitia katika hazina. Ni feza safi iliyokosa kitu kimoja, kutajwa. Aitaje. Na sisi tukaweka mabati katika ghala ya mama mmoja, hata moja halikupigwa msumari, mpaka habari itakapokuja kutoka kwake.

Sisi si watu wa sheria za Marekani, na kila ndugu aliye huko aulize wanaojua. Yeye alikwenda kwenye maktaba ya mji, mahali ambapo watu wa kujitolea wanawasaidia bure wenye mapato madogo kujaza fomu. Walimweleza kwamba jirani yake alichanganya mambo mawili. Dola 600 ulikuwa mpaka wa karatasi ya kampuni, haukuwa mpaka wa deni la mtu. Mapato yote yanatajwa, karatasi ije isije, na kadi za zawadi zinahesabiwa kwa thamani yake. (Tangu mwaka 2026 mpaka wa karatasi umepandishwa, umefika dola 2,000. Tayari tunasikia wengine wakifurahi. Mpaka wa karatasi umehama, wajibu wa kutaja haukuhama.) Walimwambia pia kwamba kodi nyingine, ile ya wenye kujiajiri, inaanza faida ikifika dola 400, kwa hiyo haikumgusa.

Wakaandika 312 mahali pake. Kule wafanya kazi wengi wanarudishiwa kiasi fulani cha feza walizokatwa, naye alirudishiwa zake, zimepungua dola 38.

Dola 38! Kwa ajili ya hizo mtu alilia dakika saba katika simu. Lakini tusicheke. Alituambia kwamba siku moja ataomba uraia wa nchi ile, na katika fomu ya uraia wanauliza mambo ya kodi. Alikuwa amejiona tayari amesimama mbele ya mkubwa wa Serikali, mkono juu, akiulizwa swali moja dogo, na mbele ya macho yake kadi ya zawadi ya dola tano. Watu waliokimbia vita wanajua karatasi moja inaweza kufanya nini. Sasa analala.

Sisi ndio hatukulala, kwa sababu ya neno la yule mama wa maji.

Mwaka uliopita vijana wa shirika moja walikuja Kama kuuliza watu maswali: unakula mara ngapi kwa siku, watoto wangapi wanasoma, maji mnayateka wapi. Walikodi jumba letu la mikutano siku tatu, wakatulipa franka 90,000. Mtafute katika kitabu cha hesabu ya Kanisa: hakuna mstari. Tulikuwa wazee sita, kila mmoja alichukua 15,000. Hatukuiita wizi. Tuliiita soda ya wazee. Na wiki iyo hiyo, mmoja wetu (wote sita tunajua ni nani, naye ameshika kalamu pamoja nasi sasa) alisimama madhabahuni akahubiri juu ya fungu la kumi.

Jumapili ya pili baada ya sauti ya binti yetu tulisimama sita mbele ya kusanyiko, tukasema kiasi na siku. Wengine walipiga kelele. Kijana mmoja alitoka nje na hajarudi mpaka leo, tunamwomba arudi. Feza zote 90,000 zimerudishwa, ndugu mmoja aliuza mbuzi. Mstari umeandikwa, na tarehe yake ya kweli, si tarehe ya kuficha aibu. Na mwandishi wetu atakapokwenda Kindu ataipeleka hesabu hiyo kwa watu wa kodi aulize inadaiwa nini juu yake, maana mapato ya kupangisha nyumba yalikuwa tayari yametajwa katika sheria ya kodi ya tarehe 10 Februari 1969.

Sheria hiyo ya 1969, tunawaambia ninyi msiopata nafasi ya kuisikia, haikuangalia mshahara peke yake. Iligusa pia faida za kazi za namna nyingine, hata zile zisizokuwa na jina. Na mwaka 2013 Serikali ilitoa sheria ya pekee kwa kazi ndogo, iliyopima mzigo kwa kiasi cha mauzo ya mwaka, ili mwenye meza ya sokoni asibebeshwe mzigo wa mwenye ghala. Kwa hiyo yule mwalimu anayebeba watu kwa pikipiki jioni, muuguzi anayeuza dawa nyumbani, mama anayeuza yuniti na kutuma feza za watu kwa simu, wote wasiseme "mimi ni mtu wa mshahara, hii ya kando haina mwenyewe". Mwanadamu yule yule mmoja ndiye anayekula zote mbili.

Hata kazi ya kujibu maswali si ya Marekani tu. Tangu mwaka 2013 Shirika la Chakula Ulimwenguni lilianza kuwauliza kwa simu watu waliokimbilia kambi ya Mugunga, karibu na Goma, na mwenye kujibu alipewa yuniti kidogo. Hatusemi mkimbizi mwenye kupewa yuniti za kumpigia dada yake akimbie kwa mtoza kodi. Kuna kiasi katika kila jambo, na sheria nayo inajua kiasi. Tunasema juu ya yule ambaye imekwisha kuwa mapato yake, ya kila mwezi, naye anaijua hesabu yake vizuri sana anapodai, na anaisahau anapoulizwa.

Hapa tunasikia sauti yenu, maana ni sauti yetu pia. Mnasema: Serikali gani? Inaonekana wapi? Barabara ya Kindu tunaijua kwa matope yake. Mwalimu anangojea mshahara kama mtu anayengojea mgeni asiyetaja siku. Na mtu akitoka na mfuko wake wa mchele au kasiterite yake kidogo anakuta kamba njiani, kisha kamba nyingine, na kila kamba ina mkono uliofunguliwa. Kulipa nini tena?

Jibu letu lina pande mbili, shikeni zote. Kamba si kodi. Kodi ina sheria, ina kipimo kinachojulikana mbele, ina kitansi chenye jina lako, na feza yake inakwenda katika hesabu ya Hazina, haiishii mfukoni mwa aliyesimama mbele yako. Kanisa halijawaagiza kumlipa kila mwenye kamba. Ulizeni kwa heshima: baba, ni sheria gani, na kitansi kiko wapi? Kuuliza hivyo si uasi. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru wafanye nini, hakuwaambia waache kazi, aliwaambia wasitoze kupita walivyoagizwa. Alijua kwamba kuna kipimo, na kwamba kupita kipimo ni wizi wenye uniforme. Na kwa kuwa kati yetu wako ndugu wanaofanya kazi hiyo, na wanakaa katika viti vya mbele, tunawaambia kwa mapendo: Zakayo hakutubu kwa machozi tu. Alitaja hesabu, mara nne.

Lakini upande wa pili ni huu: ubaya wa mwenye kamba hauifanyi hesabu yangu kuwa ya kweli. Mimi nikisema uongo kwa sababu yeye anaiba, tumekuwa wawili.

Na tusiseme kwamba baba zetu hawakujua uzito huo. Waliujua kuliko sisi. Wakati wa Leopold, sheria ya 1903 ilidai kwa kila mtu kazi ya saa 40 kwa mwezi, na katika nchi za mpira na pembe walioona wanajua kwamba saa hizo zilirefushwa. Baadaye ikaja kodi ya kichwa, na wanaume wengi wa huku Pangi waliingia katika mashimo ya bati ya Symetain, iliyoanza mwaka 1932, kwa sababu walihitaji kupata feza ya kodi. Hatusemi kodi ile ilikuwa ya haki. Ilikuwa nira.

Ndipo tunamkumbuka Papa Simon Kimbangu, ambaye makanisa ya unabii ya nchi hii, kila moja kwa njia yake, yanamheshimu. Alianza kuhubiri na kuponya Nkamba mwezi Aprili 1921. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amehukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akafungwa miaka 30 katika gereza la Elisabethville mpaka kifo chake, tarehe 12 Oktoba 1951. Wakubwa wa wakoloni waliogopa kwamba watu wangeacha kazi na kodi na kumfuata yeye. Wafuasi wake wakahamishwa mbali na kwao, familia kwa familia. Wengine waliletwa mpaka huku kwetu mashariki, mpaka kambi ya Lowa, kwenye Lualaba, chini ya Kindu. Wazee wa mto waliwaona.

Watu wale walikuwa na kila sababu ya kuificha Serikali kila senti. Na bado ndugu zetu wa Kanisa la Kimbangu, walipoandika amri za waumini wao, waliweka kati yake amri ya kulipa kodi, pamoja na ile ya kuheshimu wenye mamlaka na ile ya kumpenda adui. Tumeiwaza sana amri hiyo. Hawakuiandika kwa sababu Serikali ilikuwa nzuri. Serikali ilikuwa imewafunga. Tunafikiri waliiandika kwa sababu ile ile ya Kapernaumu, kwamba mwana yuko huru, naye analipa, ili siku atakaposimama kusema neno la Mungu pasiwe na mtu wa kumwambia: kwanza lete kitabu chako.

Ndiyo maana tumewasimulia habari ya franka 90,000, ingawa ndugu mmoja alitusihi tuandike juu ya binti wa Marekani tu na kuishia hapo.

Tangazo. Mabati yametoka ghalani. Yatapigwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, asubuhi, mvua isiponyesha. Wababa waje na nyundo na ngazi. Misumari ipo, ingawa ile ya kofia haitoshi. Wamama wa kundi la maombi watapika, na tumewaomba vijana wateke maji safari hii. Bado yanahitajika mabati 14 upande wa kwaya. Atakayetoa, atoe na kusema ni kiasi gani na jina liandikwe au lisiandikwe. Kitabu cha hesabu kitakuwa mezani, kimefunguliwa, kuanzia asubuhi mpaka kazi iishe, na kila mtu anayejua kusoma anaweza kukifungua ukurasa anaotaka, hata ule wa mwaka uliopita.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi. Amina.

Ni sisi wazee wenu sita, Kama.